Risala ya Wajukuu

Mbele ya jeneza la nyanya yake, waliyemwita Kukhu, Nabwile alisoma kwenye karatasi risala aliyotungiwa na akili mnemba ya simu yake: "Kukhu alikuwa mpole. Hakuwahi kugombana na mtu."

Waombolezaji wakaangua kicheko.

"Kukhu gani huyo?" jirani mmoja akauliza. "Si alinifukuza na mwiko!"

Karatasi ilikuwa imelowa jasho chini ya kidole gumba cha Nabwile.

"Soma tu, bana," mjomba akanong'ona. "Iko na Kiswahili safi. Wewe tangu upate simu, hata insha huandikangi."

"Ni safi, mjomba, lakini huyu si Kukhu."

Akaigeuza karatasi upande mtupu, akamnyang'anya mjomba kalamu.

"Imbeni mapambio mawili," aliwaambia waombolezaji. "Naandika."

Alianza na mwiko.