Mpini wa Koplo Mwasiti

Mgeni aliingia bila hodi, akaweka bastola inayong'aa mezani kwa Fundi Sikudhani.

"Ya mkuu wa polisi. Kesho ana mashindano ya shabaha. Anataka kifyatulio kiwe chepesi, na anaitaka jioni hii."

Sikudhani hakuinua macho. Alikuwa akiupunguza kwa tupa mpini wa bastola kuukuu ya kazi, akiulinganisha na donge la nta lenye alama za vidole vidogo.

"Jioni hii namkabidhi Koplo Mwasiti hii yake. Usiku analinda ghala peke yake, na kidole chake hakifiki kwenye kifyatulio. Nimemwahidi."

"Koplo atasubiri, mama."

"Na majambazi nao wamekubali kusubiri?"

Mgeni alicheka, kisha akaacha. "Leseni yako inakwisha wiki hii. Anayeisaini unamjua?"

"Namjua. Mwambie yake nitaishika kesho asubuhi."

"Unaifunga karakana yako kwa mkono wako mwenyewe."

"Basi ifungwe nikiwa nimemaliza kazi."

Mgeni akaibeba bastola ya mkuu, akatoka akiuacha mlango wazi. Tupa ya Sikudhani haikuyumba.

Jua lilipoinama, Koplo Mwasiti alifika. Akaishika bastola ikiwa tupu, akailenga ukutani. Kidole chake kikajinyoosha, kikafika, kikatulia.

"Imenienea, Fundi," alisema taratibu.

Nje gari la polisi lilifunga breki. Sikudhani akapangusa unga wa mbao mikononi, akamwambia, "Ijaribu tena. Usiwe na haraka."