Meno Kwenye Kitako

Kwa miaka thelathini Mzee Lubeleje, askari wa wanyamapori mstaafu, alisimulia jinsi alivyomsukumia simba kitako cha bunduki mdomoni, akapona. Mkewe, Bi Sikudhani, ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka.

Makumbusho ya mji yalipotoa ghalani bunduki za zamani, zilizopakwa grisi zisiharibike, mzee aliitwa kusaidia kuzisafisha. Mkewe akamfuata. Mzee aliitambua kwa namba bunduki yake ya kazi ya zamani. Akaiweka juani mpaka kitako kikatoka jasho la grisi, akafuta, akaianika tena, akafuta. Wekundu wa mbao ya mninga ukaanza kujitokeza. Kisha kitambaa kikanasa.

"Mama Chiku, hebu lete mkono."

Bi Sikudhani akapapasa. Mashimo manne, mawili huku, mawili kule, yote yamejaa grisi. Akayachokonoa kwa pini ya mtandio, moja baada ya jingine.

"Baba Chiku," alisema mwishowe, "alikuwa mkubwa kiasi gani?"

Mzee alicheka mpaka akakaa chini. "Si nilishakuambia!"

"Niambie tena. Leo nasikiliza."

Mzee akainuka, akatanua mikono, haikutosha. Akaanza kurudi nyuma uani, hatua kwa hatua, akimpimia mkewe urefu wa simba.