Majibu ya Damu

Justa, mjamzito wa miezi saba, alimpakata mwanawe aliyevimba vidole kwa sikoseli.

"Ugonjwa umetoka kwangu au kwa mume wangu?"

"Kwenu wote," daktari alijibu. "Zamani huku ziwani malaria ilimaliza watoto. Waliorithi kasoro hii kwa mzazi mmoja tu walinusurika, wakawazaa babu zenu. Huyu ameirithi kwa wote wawili."

"Na wa tumboni?"

"Tutajua akizaliwa."

Nje alimkuta mumewe, bado amevaa buti nyeupe za kiwanda cha minofu ya samaki. Akampa karatasi ya majibu ya damu zao wote wawili. Mume alisoma jina lake mwenyewe mara mbili. Justa alisubiri, mtoto mgongoni, mwingine akipiga teke.

"Mama yangu asijue," mume alisema, akiikunja karatasi. "Tumwambie ugonjwa umetoka kwenu."