Oili Namba Arobaini

“Vumbi mfute, magurudumu mjaze upepo, lakini oili msiiguse mpaka nirudi,” alisema Anton Masolwa, akamkabidhi Muhanna, mwenye gereji, ufunguo kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayeshika panya kwa mkia.

Ilikuwa saa mbili asubuhi, katika gereji moja ya Kanyenye, mwaka 1975. Masolwa alikuwa afisa elimu. Ofisini kwake, ndani ya sanduku la bati lenye kufuli mbili, ilingoja mitihani ya darasa la saba ya shule za Nzega, nayo ilipaswa kufika jioni ile ile. Mwaka uliotangulia Landrova ya idara, gari la dizeli kuukuu kuliko Uhuru wenyewe, lilimzimikia njiani, Puge, na watoto wa vijiji vya ujamaa wakakaa madawatini mpaka alasiri wakitazamana. Masolwa aliandikiwa barua ya onyo. Ya pili ingemvua cheo.

Mkosaji alimjua. Mwaka ule Muhanna alimshauri atie oili namba arobaini, ile nzito. Masolwa akaamuru namba ishirini, nyepesi, kwa kuwa hakuwa mtu wa kushauriwa na fundi muuza oili. Gari lilipokufa, alihitimisha mara moja kwamba kopo lilikuwa limeghushiwa.

Masolwa alilelewa na shule ya bweni, mahali ambapo aliyechelewa kengele alifyeka nyasi mpaka viganja vikatoka malengelenge, na aliyesema uongo hakuangaliwa usoni muhula mzima. Huko hakufunzwa kuwaamini watu wanaoishi kwa kuuza. Mchuuzi, kwa hesabu yake, husifu kile anachotaka kimwondokee rafuni. Amjuaye hufanya kinyume, akasalimika.

Alirudi saa sita kamili. Muhanna, mzee wa miaka sitini na ushei, alikuwa ameketi juu ya kibao akinawa mikono kwa sabuni ya kipande. Masolwa alisimama mbele yake bila kumwamkia. Shikamoo yake hakuwapa kupe.

“Marahaba,” Muhanna aliitikia hata hivyo.

Salmini, ndugu yake mdogo, aliangua kicheko kisha akakigeuza kikohozi.

Masolwa alizungusha macho kwa kinyaa. Pembeni, juu ya karai, makopo mawili yalikuwa yamepinduliwa ili yadondoshe masalio. Uzi mmoja wa oili ulining’inia mdomoni mwa kopo, ukirefuka taratibu, ukigoma kukatika. Hata tone la mwisho walilitolea macho, wanyonyaji hawa!

“Leo nasema ishirini, Mwalimu,” alianza Muhanna. “Nyepesi, safi. Injini itateleza kama siagi.”

“Mwaka jana uliimba arobaini.”

“Mwaka jana ni mwaka jana. Mtu hujifunza.”

“Na arobaini unayo?”

Muhanna alitazama chini. “Ipo kidogo, kule nyuma. Ile nzito, Mwalimu, ya nini? Chukua ishirini.”

“Chukua ishirini,” alidakia Salmini. “Hata wakubwa wa Boma wanatia hiyo hiyo.”

Masolwa alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Wawili kwa mpigo! Kumbe ishirini ilikuwa imewadodea, na arobaini walikuwa wamewafichia wenzao.

“Mwalimu, nakusihi,” Muhanna aliongeza. “Mjukuu wangu Tufaha anafanya mtihani huo huko Nzega. Nataka ufike kuliko unavyotaka mwenyewe.”

“Usinichanganyie serikali na ukoo wako. Lete arobaini.”

“Utaniharibia jina, Mwalimu.”

“Huna jina la kuharibika. Lete arobaini, nasema, nami nilione kopo!”

Lililetwa. Masolwa aligonga kifuniko, akaisoma namba kwa sauti kama anayesoma hukumu, kisha akaenda kuketi mbali, shati lake jeupe lisije likarukiwa. Aliletewa kahawa, akaiacha ikapoa. Kwa nusu saa aliwasikia wakigongagonga spana uvunguni, huku Muhanna akilalamika kwa sauti juu ya watu wasiosikia la mtu. Malalamiko hayo yalimburudisha kuliko kahawa yoyote.

Landrova ilipita Puge ikinguruma bila kukohoa. Jua lilikuwa bado juu ya paa za Nzega Masolwa alipoteremsha sanduku mbele ya Bertila, mwalimu mkuu, aliyekuwa amesimama barazani na walimu wenzake wakimngoja.

“Mwaka huu umewahi, Ndugu Masolwa!” alisema Bertila, akipumua kama aliyetuliwa mzigo. “Mwaka jana watoto walilia.”

“Mwaka jana nilihujumiwa. Mwaka huu nimetumia akili.” Akapandisha sauti ili wote wasikie. “Dizeli kuukuu, walimu, hutaka oili nzito. Mchuuzi anajua, ndiyo maana anakuficha. Kanuni ni moja tu: akikuambia hiki, chukua kile. Njooni niwaonyeshe.”

Wakakusanyika. Aliinua boneti kwa madaha. Kwenye kijiti cha kupimia oili palikuwa na kadi ya gereji iliyofungwa kwa waya. Masolwa alikuwa ameacha miwani yake ofisini, hivyo akampa Bertila heshima ya kuisoma.

Bertila aliisoma kwa sauti kavu na ya wazi, kama anayesomea darasa imla:

“Oili namba arobaini. Imetiwa saa mbili na nusu asubuhi. Salmini, Mwalimu akija nikiwa msikitini, msifie ishirini mpaka akasirike.”