Beseni la Alhamisi Kuu

Padiri Cyprien alikuwa ameosha miguu ya waumini kumi na mmoja, na maji ya beseni yalikuwa bado yanang'aa. Wote walikuwa wameisugua nyumbani na kuipaka mafuta.

Kiti cha mwisho alikikalia mama aliyekimbia vita kijijini Katogota, akafika hapa mjini Uvira kwa miguu. Tope lilikuwa limekauka katika nyufa za visigino vyake.

Padiri alirudisha mkono.

"Mama, uende kwanza ku robine," alinong'ona.

Mama alitii. Kwaya ilinyamaza, na kanisa zima likamsikia huko nje kwenye bomba la maji akisugua miguu kwa jiwe. Padiri alibaki amepiga magoti, masikio yakimwaka moto.

Mama alirudi, akaketi, akanyoosha miguu.

"Sasa iko safi, Padiri. Unaweza kuniosha."