Nyumba Moja, Kura Moja

Kwa mujibu wa Katiba, kanuni za kuchagua wabunge zilitungwa na kaya moja iliyopatikana kwa bahati nasibu. Safari hii bahati ilimwangukia Mwanahawa wa Tabora, pamoja na mumewe Kasanda, mtoto wao Tunu na mama mkwe wake. Mlango ulifungwa mpaka wakubaliane, na kipaza sauti cha serikali ukutani kikawa kinawasikiliza.

"Kila nyumba kura moja, na apige baba," Kasanda alirudia kwa mara nyingine.

"Na mimi je, Baba Tunu?"

"Wewe si umo humo humo nyumbani?" akadakia mama mkwe.

Mwanahawa alibishana nao wiki nzima, huku akiwapikia na kuwafulia. Siku hiyo, maharage yakiungua na mtoto akilia mgongoni, uvumilivu ukamwisha.

"Haya, fanyeni mnavyotaka! Mmenichosha!"

Kipaza sauti cha ukutani kikaitika kwa upole: "Kaya imekubaliana. Kanuni imepitishwa nchi nzima."

"Jamani, sikuwa na maana hiyo!" alipiga kelele, lakini mlango ulikuwa umeshafunguka. Wanawake wa mtaa walijaa uani, wakimpigia vigelegele.

"Tuambie, shoga," mmoja akamshika mkono, "umetupatia nini?"