Majaji Kumi na Wawili

“Kumi na wawili,” Murshid akajibu, kifua mbele.

Bimkubwa aligonga meza kwa mwiko. “Tisa! Mahakama Kuu ya Marekani ina majaji tisa. Kumi na miwili ni miezi!”

Clément, mfanyabiashara wa viatu kutoka Lubumbashi, aliinamia sahani yake ya wali asionekane anacheka. Alipanga chumba cha jirani, ghorofa ya sita hapo Sanyuanli, mtaa wa wageni katika nchi ya Wachina, na mchana alikula kwa wazee hawa wawili wa Unguja. Tangu barua ya ubalozi mdogo wa Marekani ifike, chakula hakikupita bila mtihani.

Habari yenyewe ilijulikana jengo zima. Binti yao, Swalha, alikuwa Ohio na mumewe, amebakiza mwezi kujifungua mtoto wa kwanza. Fomu za viza zilijazwa nakala tatu. Picha zilirudiwa kwa sababu sikio halikuonekana. “Tumeitwa Alhamisi, kisiwani Shamian,” Murshid alimtangazia kila aliyekutana naye ngazini. Na wasafiri wa Sanyuanli walikuwa wakiapa: afisa wa dirishani huuliza habari za mahakama, ukikosa moja, umerudi.

“Jaji wa shirikisho hukaa kitini miaka mingapi?” Bimkubwa akaendelea, kijitabu mkononi.

“Minne. Kama Rais.”

“Maisha yake yote! Rais humteua, Seneti humthibitisha, basi. Rais hana tena amri naye, kama binti uliyekwisha kumwoza.”

“Na akihukumu vibaya?”

“Unakata rufaa. Wanakaa majaji watatu.”

“Nami nawapelekea mashahidi wangu upya.”

“Lahaula! Mashahidi wa nini? Majaji wa rufaa wanasoma majalada tu!”

Bimkubwa alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka ishirini na sita, na alipokasirika hivyo uso wake ulinawiri kama wa msichana. Murshid, aliyejipatia Kiingereza chake kwa masomo ya jioni baada ya kazi ya bandari, alitulia kama mwanafunzi mtoro aliyerudishwa darasani.

Clément hakuwa na raha. Alimpenda mzee huyu, ndiye aliyemfundisha kusema kwa Kichina “tai gui”, ghali mno, kila anapotajiwa bei. Lakini kwa kichwa hiki, Marekani ataisikia redioni tu. Akamvizia ngazini.

“Papa Murshid, ni tisa. Shika hivyo: tisa, kama miezi ya mimba.”

“Ahsante, baba. Nimeshika.”

Kweli, wale kumi na wawili hawakurudi tena. Ila siku ya pili Murshid alikuja na jipya: kwamba jaji akimuudhi Rais, hupunguziwa mshahara. Bimkubwa nusura apaliwe na mchuzi. Ndivyo ilivyokwenda wiki mbili nzima. Kosa likisahihishwa mara tatu, Murshid aliliacha, kesho yake akazua jingine.

Jumatano Clément aliwasaidia kufunga sanduku jipya. Murshid alipanga ndani yake pilipili manga, habasoda na mkaja wa kumfunga Swalha tumbo.

“Papa, kesho pale dirishani, tafadhali,” Clément alisihi, “usiseme kitu usichokijua.”

“Mimi kesho sifungui mdomo kabisa,” Murshid alisema, akacheka mpaka akakaa juu ya sanduku.

“Mon Dieu,” Clément akaguna.

Alhamisi asubuhi Clément alikuwa na mzigo wa kupakia, akafika Shamian kwenye saa nne, jasho linamtoka. Nje ya uzio wa ubalozi mdogo alimkuta Murshid kwenye benchi, peke yake.

“Wamekukataa, Papa?”

“Wamkatae nani? Aliyeomba viza ni mama yake Swalha, si mimi.”

Hapo ndipo Clément alipouona mkoba. Ulikuwa juu ya mapaja ya Murshid, umeshikwa kwa mikono miwili: mkoba wa kahawia wa Bimkubwa.

Lango likafunguliwa. Bimkubwa akatoka mbio mbio, karatasi mkononi, mtandio umemporomoka begani.

“Yule kijana hakuniuliza hata jaji mmoja!” alilalamika. “Kaniuliza Swalha amebakiza siku ngapi, kisha ananiambia nikachukue pasipoti yenye viza kesho, kwaheri. Sikukubali! Nikamuuliza mimi: majaji wangapi? Akasema tisa. Nikamwambia, vizuri, mwanangu.”

Clément alimgeukia mzee.

Murshid alimrudishia mkewe mkoba, akamwacha atangulie hatua kadhaa, kisha akanong’ona: “Miaka thelathini na mmoja nimeishi na mwalimu. Ukimfundisha, hasikii. Kosea mbele yake mara tatu, hasahau.”